Jina Ambalo Kinywa Changu Hakiruhusiwi

Baba yangu alizaliwa katika milima ya Bururi, na mama yangu alizaliwa huko chini karibu na ziwa, upande wa Rumonge. Andika hivyo kwanza. Majina yao usiyaandike, wala jina la mtu mwingine yeyote nitakayemtaja leo. Tena andika ninavyosema, usininyooshee maneno. Mimi sikuketi darasani hata siku moja, lakini najua sentensi yangu inapoishia.

Wewe unayeandika ndiwe mtoto aliyezungumziwa katika habari hii. Ulikuwa hujaanza shule, kwa hiyo unachokumbuka ni kidogo, na kidogo hicho umekichanganya na uliyoyasikia kwa shangazi yako, ambaye hupenda kutia chumvi. Sasa yasikie kwangu.

Baba yangu alikuwa mushingantahe. Kwa Kirundi ndivyo anavyoitwa mtu aliyetawazwa kuamua mashauri ya majirani zake. Serikali haikumteua wala haikumlipa. Watu walimwangalia kwa miaka mingi, anavyokula, anavyonyamaza, anavyomjibu mkewe, kisha wakamkabidhi fimbo. Shauri lilipoletwa, yeye na wenzake waliketi chini pamoja na wenye ugomvi, akaigonga ardhi kwa fimbo ile, na tangu hapo aliyesema uongo alikuwa ameudanganya udongo utakaomzika. Mimi nilisikiliza nikiwa nyuma ya ua wa matete, nikipepeta maharage. Niliona kwamba baba hakuanza kamwe kwa kuuliza mtu amefanya nini. Alianza kwa kuuliza, wewe ni wa nani? Na shauri lilipokwisha, walioshtakiana walikunywa pombe ya mtama kutoka chungu kimoja, wapende wasipende.

Mauaji yalipokuja tulikimbilia Tanzania, na baba hakuvuka mpaka. Nilidhani desturi ile imezikwa naye. Tangu siku hiyo kila jambo langu liliamuliwa na mtu aliyeketi ng'ambo ya meza, nami nimesimama upande wa pili na mtoto mgongoni: nitalala hema lipi, nitakula unga kiasi gani, nitapelekwa nchi ipi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi ni wa nani. Waliniuliza namba yangu.

Kambini niliolewa na babu yako, na hapo ndipo jina ninalokusimulia lilipoingia katika maisha yangu. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mumewe. Hata neno linalofanana nalo hulikwepa, akatafuta lingine. Haikuwa kwa sababu baba mkwe wangu alikuwa mkali. Alikuwa mpole kuliko mwanawe. Ni heshima tu, na heshima ya namna hiyo haiulizwi sababu. Akizungumziwa, unamzunguka kwa maneno mengine, leo haya, kesho yale, na kila mke wa kilimani anajua unamsema nani. Alikufa, na nikaendelea. Nilivuka bahari kwa ndege, nikafika Mount Druitt katika nchi hii ya kangaruu, nikajifunza kupanda treni na kufungua mlango wa dukani unaojifungua wenyewe, na jina lile sikulitamka.

Baba yako alipata kazi katika ghala huko St Marys. Huko akakutana na mama yako, ambaye watu wake ni wenye nchi hii tangu mwanzo, ng'ambo ya milima ya magharibi, kwenye mto unaoujua sasa vizuri kuliko mimi. Kina mama wa kanisani waliniuliza kwa nini kijana wangu hakuona binti katika kwaya. Niliwaambia wafagie nyua zao kwanza.

Kisha baba yako akafa barabarani, alfajiri, akitoka zamu. Mama yako hakuwa mtu mbaya. Andika hilo vizuri. Huzuni ilimwingia kichwani, akatafuta dawa zisizo dawa, akawa anahama nyumba hii na ile bila kuniambia. Siku moja idara inayoshughulika na watoto ilikukuta peke yako, ikakuchukua. Waliokupokea waliishi upande wa baharini, mbali na sisi. Walikulisha na kukulaza pakavu, nami nawashukuru mpaka leo. Ila hawakujua wewe ni wa nani, nawe ulikuwa katika umri ambao mtoto husahau asipokumbushwa.

Watu wawili tulikutaka. Mimi, na yule uliyemwita Nana, dada wa marehemu bibi yako mzaa mama. Mama yako alikuwa hospitali akitibiwa, naye alisema apewe mmoja wetu, yeyote. Idara ilimwogopa Nana kwa sababu ya sukari na kwa sababu nyumba yake ilijaa wajukuu tayari. Mimi ilinitilia shaka kwa sababu nyingine, na sababu hiyo niliitengeneza mwenyewe bila kujua.

Walikuja nyumbani kwangu wafanyakazi wao, mara moja huyu, mara nyingine yule. Kila mmoja alitaka kujua ukoo wa baba yako. Nilipofikishwa kwa baba mkwe, nilimzunguka kama inavyopasa. Wa kwanza nilimwambia, ni Mwenye Kilima. Wa pili nikamwambia, ni Mzee wa Ng'ombe Mweusi. Wa tatu, Baba wa Nyumba Kubwa. Wote waliandika, wakanishukuru, wakanywa chai yangu. Nilijiona nimewajibu kwa adabu kubwa.

Siku ya shauri tulipanda treni kwenda Parramatta, mimi na shangazi yako. Wakili wangu, msichana mwenye haraka, alikuwa amenieleza kwamba kwa kuwa mama yako ni wa wenye nchi, shauri litasikilizwa kwa namna yao: wazee wao wataketi mezani na hakimu. Sheria bado ni ya serikali, alisema, na sahihi ni ya hakimu, lakini wazee huzungumza kwanza na hakimu husikiliza. Kisha akaniomba nijitahidi kutabasamu. Nilimwambia sikuja harusini.

Nilitarajia kiti cha juu na watu wa chini. Nilikuta meza ya mviringo. Hakimu, mwanamke wa makamo, hakuvaa joho, na kiti chake kilikuwa sawa na changu; nilikitazama chini ya meza kuhakikisha. Ukutani lilining'inia vazi la ngozi za wanyama lililoshonwa kwa mkono, na katikati ya meza palikuwa na bakuli la mti lenye majani mabichi ya mkaratusi, yananukia chumba kizima. Wazee walikuwa wawili. Mwanamke alikuwa na nywele nyeupe, na koti la timu ya mpira juu ya gauni la maua. Mwanamume alikuwa ameweka kofia yake gotini, akiipapasa kama paka.

Hakimu akafungua kikao kwa kusema kwamba chumba kile kimejengwa juu ya nchi ya watu fulani, akawataja, akawashukuru wazee wao waliotangulia na waliopo. Mkalimani, mama mmoja Mkenya anayekaa Merrylands, alinitafsiria kwa haraka kama mtu anayesoma tangazo la basi. Mimi nilimwomba arudie. Mimi ni mtu niliyenyang'anywa nchi. Nimeona wanyang'anyi wa kila aina, wenye bunduki na wenye karatasi, na sijaona hata siku moja wakianza kikao kwa kukiri nchi ni ya nani. Sikusema hilo linatosha. Nilisema moyoni kwamba sijawahi kuliona.

Ndipo mzee wa kike akatutazama wote, mmoja mmoja, akasema kwamba kabla ya jambo lolote, kila mtu aliyeketi pale aseme yeye ni wa nani na ametoka katika nchi ipi.

Mjukuu wangu, lilikuwa swali la baba yangu. Niliisikia fimbo ya baba yangu ikigonga sakafu ile ya zulia.

Nana alianza. Alitaja nchi yake, mto wake, mama yake. Alipofika kwa bibi yako alisema tu, dada yangu ambaye hatumtaji tena, akapita, wala hakuna aliyemshika hapo. Niliona, lakini sikuelewa bado kwamba kwao jina la aliyekufa hupumzishwa kwa muda. Zamu yangu ilipofika nilisema milima ya baba na ziwa la mama, na yule mzee wa kike akaitikia kwa kichwa kila niliponyamaza, ishara kwamba pametosha na niendelee.

Wakili wa idara akaomba kusema. Hakuwa mkorofi. Alieleza kwamba upande wa baba wa mtoto una giza. Bibi huyu ametoa majina matatu tofauti ya mtu mmoja, na idara haiwezi kumrudisha mtoto katika ukoo unaobadilika kila unapoulizwa. Huenda kuna mtu anafichwa. Aliomba nitaje jina la kweli, papo hapo, mbele ya wote.

Nililitazama bakuli la majani.

Mkalimani akaniinamia, akaniita bibi kwa namna ya kwao. "Shosho, sema tu jina. Hawa wataona kuna mtu umeficha kwa nyumba."

"Siwezi," nikasema.

Akatafsiri kwamba siwezi. Wakili akaandika. Wakili wangu mwenyewe alinitazama kwa macho ya kuomba. Nilijua nikinyamaza nitaondoka pale peke yangu, nawe utarudi upande wa bahari ukakue ukiwa mgeni wetu. Na nikilitaja, nitakuwa nimelivunja mbele ya wageni jambo nililolishika tangu usichana wangu, tena ili nikupate wewe, ambaye kwako ndiko nilikokusudia kulirithisha. Nilifungua kinywa. Nilikuwa tayari kulitaja, na Mungu ananiona.

Mzee wa kike akainua mkono. "Ngoja, dada yangu," alisema. "Jina hilo hulijui, au kinywa chako hakiruhusiwi?"

Hata mkalimani alisita kabla ya kulitafsiri swali hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria.

"Hakiruhusiwi," nikajibu.

"Ni la nani?"

"La baba wa mume wangu."

Alicheka polepole, kicheko cha mtu aliyekutana na ndugu sokoni, akamgeukia mzee mwenzake. Akatueleza kwamba huyu mwenye kofia hajamtazama mama mkwe wake machoni wala kusema naye uso kwa uso tangu alipooa, kwa sheria ya kwao. Mzee wa kiume akasema hilo ni kweli, na kwamba mama mkwe hajawahi kulalamika. Nana akacheka mpaka akakohoa. Hakimu naye alicheka, lakini alikuwa ameshika kalamu na sikio lake halikutoka pale.

Mzee wa kike akaacha kucheka. Alimwambia hakimu kwamba majina yale matatu si uongo. "Mtu anayeficha huleta jina moja, na huleta lililo rahisi," alisema. "Huyu ametuletea heshima mara tatu, na mara tatu imeandikwa vibaya."

Hakimu hakubishana wala hakuona aibu. Aliuliza, kwa unyenyekevu ambao sikuzoea kwa watu wa serikali, mahakama ifanye nini ili ipate inachohitaji bila kunivunjia mimi changu. Mzee wa kike akaniuliza nani kwetu anaruhusiwa. Nikasema binti yangu. Yeye ni damu yake, hakuolewa kwake. Yuko nje.

Shangazi yako aliletwa, akaingia akitafuna ubani. Nilimtazama, akaumeza. Akaelezwa kinachotakiwa. Mimi niliinamisha kichwa na kuziba masikio kama ipasavyo, lakini vidole vya mzee havizibi vizuri. Alilitaja jina la babu yake kwa sauti iliyonyooka. Kisha, bila kuombwa, akamtaja baba wa babu huyo, na baba wa baba yake, akapanda hivyo hivyo mpaka kwa yule aliyehama na ng'ombe wake akaja kujenga katika kilima chetu. Binti huyo alikuwa akinijibu kwa Kiingereza tangu tufike nchi hii. Nilimfundisha ukoo ule akiwa kambini, wakati wa kusukwa nywele, nami nilidhani uliondoka pamoja na nywele zilizokatwa. Nilipoinua uso nilikuta Nana naye ameinamisha kichwa. Majina yale hayakuwa yake. Aliinama kwa ajili yangu.

Kisha Nana akaomba kusema, na hapo ndipo nilipojua nimekaa na nani. Mama yake alichukuliwa akiwa mtoto. Watu wa serikali walikuja na gari, wakampeleka katika nyumba ya watoto, wakampa jina jingine, na aliporudi kwenye mto akiwa mtu mzima hakuna aliyeweza kumwambia aketi upande gani wa moto. Alisimulia hayo bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Halafu akanigeukia mimi, si hakimu.

"Nilikuja kupigana ili huyu mtoto asije kwako," alisema. "Nilidhani atapotelea kwenu kama mama yangu alivyopotelea kwao. Lakini mtu anayelinda jina namna hiyo hawezi kupoteza mtoto."

Nilikuwa nimekwenda pale nikimwogopa kama adui.

Yeye hakuniacha nikae na uzito huo. Aliuliza nitakupikia nini. Nikasema kisamvu na ugali. Akauliza, na uso huo mkali namna hiyo, hucheka lini? Nikamjibu, Krismasi. Mkalimani alipotafsiri, hata wakili wa idara aliangua kicheko.

Mzee wa kike aliuliza swali moja la mwisho, na hakulifanyia mzaha. Mtoto akitaka kuijua nchi ya mama yake, utamfundisha nini? Nilisema nisichokijua sikifundishi. Nitampeleka kwa anayejua, nami nitakaa nyuma ya ua nisikilize, kama nilivyosikiliza nikiwa msichana. Wazee walinong'onezana, kisha wakasema na hakimu, na hakimu akatia sahihi: utaishi kwangu, Jumamosi ni za Nana, likizo ya shule ni ya mto, na mama yako atakuona kadiri waganga wake watakavyoruhusu. Wakili wa idara alikubali, tena alinipa mkono.

Nje, kwenye ushoroba, nilimtuma mkalimani amuulize Nana kwa nini wazee wenye hekima namna ile hawatii sahihi wao wenyewe. Nana alinitazama kama ninavyokutazama wewe ukiuliza jambo lililo wazi.

"Wametuazima kiti, mama," alisema. "Nyumba bado hawajaturudishia."

Akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya chai na kikombe kimoja cha bati. Alimimina, akanywa, akanipa. Nilikunywa alipoachia yeye. Hakuna aliyemsimulia habari za chungu cha baba yangu, kwa maana siku ile nilikuwa sijazisimulia katika nchi hii kwa mtu yeyote. Nilisimama pale na kikombe mkononi, watu wakitupita na mafaili yao, nikashindwa kuendelea na safari ya kwenda stesheni.

Ulirudi kwangu ukiwa umesahau kula kwa mkono. Ulilia ukidai mkate mweupe. Nana alikuja kila Jumamosi, akavua viatu mlangoni, akalaumu chumvi yangu, akakuchukua. Mama yako alipopona alianza kuja naye. Kila likizo ulirudi kutoka mtoni na vumbi jekundu masikioni na maneno ambayo sikuyaelewa, nami sikukuzuia kuyasema mezani, ingawa wajua sipendi maneno mezani.

Sasa Nana ametutoka. Siku ya maziko ulisimama katika moshi wa majani na watu wake, mimi nikiwa nyuma ya wote, na ulijua uketi upande gani wa moto. Niliona. Shauri lile liliamuliwa kwa ajili ya hilo.

Basi haya ndiyo utakayoyatunza. Kofia ya sufu aliyokufumia Nana, nyeusi, nyekundu na njano kama bendera ya watu wake, ifue kwa mkono, usiitie mashineni. Kikombe cha bati kiko kabatini nyuma ya sahani za wageni. Ni chako, ila usikinywee peke yako. Jina la Nana usilitaje mpaka watu wake walirudishe wenyewe. Ukiulizwa unamzungumzia nani, sema Nana tu. Jina la baba wa babu yako, shangazi yako amekufundisha. Nilikusikia bafuni ukilirudia na ukoo wote, nikaziba masikio, na ulikosea mmoja, wa nne. Kamuulize tena.

Na langu. Nikifa, watu wa mama yako watataka jina langu lipumzike, na watu wa baba yako watataka apewe mtoto atakayezaliwa. Usichague. Liache lilale kwanza, kama wafanyavyo mtoni, mpaka likome kuuma. Kisha akizaliwa wa kike, mpe. Wakikuuliza mahali popote huyu mtoto ni wa nani, simama uwaambie wote, pande zote mbili, kwa sauti iliyonyooka.

Hapo ndipo pa kuishia. Weka kalamu, ukateke maji ya chai.